Plagi za pikapu iliyotumika: kuzifungua, kuzisoma na kufunga mpya bila kuharibu hedi

Anayenunua pikapu iliyokwisha kutumika hupewa maelezo mengi na muuzaji, na mara nyingi hana njia ya kuyathibitisha. Plagi, yaani kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa ncha yake hukaa ndani ya chumba cha mwako muda wote injini inapofanya kazi, na kila kasoro ya mafuta, hewa, oili au maji ya rejeta huacha alama juu yake. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu hauichukulii kazi ya kubadilisha plagi kuwa ni kutoa nne na kuingiza nne. Plagi zenyewe si ghali. Chenye thamani ni habari inayopatikana katika zile za zamani, pamoja na hesi (mikato ya skrubu) za hedi ya alumini, yaani sehemu ya juu ya injini ambamo plagi hufungwa, ambazo huharibika kwa sekunde chache pale mtu anapotumia nguvu mahali panapotaka subira.

Gari litakalotumika kama mfano ni Toyota Hilux ya petroli yenye silinda nne. Matoleo ya zamani yana injini za 22R, 1RZ au 2RZ, ambazo husambaza umeme kwa distribyuta na waya nne. Yale ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, ambacho wengi hukiita Vigo, yana 1TR-FE ya lita 2.0 au 2TR-FE ya lita 2.7, ambamo kila plagi ina koili yake, inayoipa umeme wa cheche, iliyokaa juu yake. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba gari lako kweli linatumia petroli, maana Hilux nyingi zilizopo barabarani ni za dizeli, zenye injini kama 3L, 5L au 2KD, na hizo hazina plagi za cheche. Zina hita plagi, ambazo ukaguzi wake ni somo jingine kabisa. Mwenye Nissan 720 ya miaka ya 1980 yenye injini ya Z24 naye asishtuke akihesabu plagi nane kwenye silinda nne. Ndivyo ilivyoundwa, plagi mbili kwa kila silinda, na itambidi anunue zote nane.

Dalili, na jambo la kufanya kabla ya kuchomoa betri

Plagi zilizochakaa hujionyesha kwa injini kumisi, hasa gari likiwa na mzigo au likipanda mlima mkali kama Kitonga, kwa kuchelewa kuwaka asubuhi, kwa kutetemeka injini inaponguruma bila kukanyagwa, na kwa ulaji wa mafuta unaoongezeka polepole kiasi kwamba mwenye gari hauoni. Dalili hizi zote zinaweza pia kuletwa na koili mbovu, waya zilizovujisha umeme, nozeli chafu au mpira wa hewa uliopasuka, kwa hiyo zisichukuliwe kuwa ni ushahidi kamili dhidi ya plagi.

Ikiwa gari ni la mfumo wa kompyuta na taa ya injini imewaka, misimbo ya hitilafu isomwe kwanza kwa kifaa cha kupimia. Msimbo P0300 unaeleza kwamba injini inamisi bila silinda maalumu kutambulika, ilhali P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Andika ulichokisoma mahali fulani, kwa sababu kuchomoa betri mara nyingi hufuta kumbukumbu hiyo, na ukishaifuta utakuwa umejinyima kidokezo kilichokuwa bure. Taa hiyo ikiwa inawaka na kuzima wakati gari linatembea, usiendelee na safari ndefu, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguzwa ndani ya masega ya eksosi (kisafisha moshi) na kuyayeyusha, na masega hayo ni ghali kuliko plagi mara nyingi sana.

Kununua plagi sahihi

Kosa la kawaida ni kufungua plagi moja, kuipeleka dukani, na kuomba nyingine zinazofanana nayo. Katika gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa, huna uhakika kwamba plagi uliyoikuta ndiyo iliyokusudiwa na mtengenezaji. Huenda fundi aliyetangulia alifunga iliyopatikana siku hiyo. Chukua jina la injini kutoka kwenye kibao cha utambulisho kilichomo ndani ya boneti, kisha utafute plagi yake katika kitabu cha gari au katika katalogi ya mtengenezaji wa plagi.

Namba iliyoandikwa juu ya plagi inasomeka kwa urahisi ukishaelewa mpangilio wake. Chukua BPR6ES ya NGK: B ya kwanza inaonyesha hesi yenye kipenyo cha milimita 14 na kichwa kinachofunguliwa kwa spana ya milimita 20.8, P inaonyesha kwamba ncha ya kauri imechomoza, R ni rezista iliyomo ndani, 6 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa hesi, yaani milimita 19, na S ni kiini cha shaba katika elektrodi ya kati. Ukiona 11 mwishoni, kama ilivyo katika BKR6E-11, mwanya ulioachwa kiwandani kati ya elektrodi ya kati na ya pembeni ni milimita 1.1, na K iliyoongezeka baada ya B inakujulisha kwamba kichwa ni cha spana ya milimita 16.

Herufi R isipuuzwe. Rezista hupunguza mawimbi ya umeme yanayotokana na cheche, na bila hiyo redio hukoroma, na katika gari la kompyuta vihisio huweza kutoa taarifa zisizo sahihi. Urefu wa hesi ni jambo zito zaidi. Plagi ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugongwa na pistoni, na fupi huacha sehemu ya hesi za hedi wazi ndani ya chumba cha mwako, zikajaa masizi magumu ambayo siku utakapofunga plagi ya urefu sahihi yatakuzuia kuiingiza.

Kiwango cha joto ndicho kinachochanganya watu, pengine kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani ile inayopitisha joto haraka kwenda kwenye hedi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Isitoshe, mizani yao haifanani: 6 ya NGK inalingana na 20 ya Denso, na 5 inalingana na 16. Ncha ya plagi inatakiwa ifikie takriban digrii 450 za Selsiasi ili iweze kujichoma masizi yenyewe, lakini isipande sana kupita 850, kwa kuwa hapo huanza kuwasha mchanganyiko wa mafuta kabla cheche haijatoka. Wapo wanaoshauri kwamba gari la nchi ya joto lifungwe plagi baridi zaidi. Sioni msingi wa ushauri huo kwa pikapu ya kawaida, kwani hali ya hewa ya Dodoma au Mombasa haibadilishi sana joto la chumba cha mwako. Plagi baridi kupita kiasi katika gari linalotembea safari fupi za mjini itajaa masizi upesi.

Kuhusu madini, plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 20,000, ilhali za iridiamu au platinamu zenye maisha marefu zinaweza kufika kilomita 100,000. Kwa injini ya zamani yenye kabureta, ambayo huenda inakula oili kidogo, nashauri nikeli, kwa kuwa masizi ya oili huiharibu plagi ya bei kubwa sawasawa na ya bei ndogo. Kwa 2TR-FE iliyo na afya njema, iridiamu inalipa.

Plagi bandia zimejaa sokoni, na Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi utakuta boksi mbili zinazofanana sana kwa bei zilizopishana mno. Itazame plagi yenyewe, wala si boksi. Maandishi kwenye kauri yawe makali na yasifutike kwa kucha. Elektrodi ya pembeni ikae katikati barabara juu ya elektrodi ya kati. Hesi ziwe laini, bila makovu. Na washa ya chuma iliyo chini ya kichwa isichomoke kirahisi kwa vidole, maana katika plagi halisi huwa imebanwa isitoke. Plagi nne zilizotoka katika boksi za aina moja zikiwa na mianya tofauti kabisa, zirudishe.

Vifaa

Utahitaji soketi ya plagi yenye mpira ndani, ya milimita 16 kwa injini za TR na ya milimita 21 kwa za zamani zenye kichwa kikubwa, racheti na kiungo kirefu, spana ya milimita 10 kwa boliti za koili, spana ya kupimia ukazaji, kama unaweza kuazima, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kompresa ya upepo au angalau pampu ya mkono, mafuta ya kulegeza kutu, kipande cha mpira wa petroli wa urefu wa kiganja, ambacho kazi yake itaonekana mbele, na kitambaa safi. Mpira wa ndani ya soketi si pambo. Huishika plagi isidondoke wakati wa kuitoa, na huilinda kauri isipasuke.

Kufungua

Injini ipoe kabisa. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma, na plagi inayofunguliwa hedi ikiwa ya moto huweza kutoka na hesi zake. Jambo rahisi ni kuliacha gari usiku kucha na kufanya kazi asubuhi. Zima swichi, toa ufunguo, na uchomoe kichwa cha hasi cha betri.

Ondoa kinachokuzuia kufika kwenye plagi. Ukilazimika kutoa mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye boksi la kichujio, ziba mdomo wa injini uliobaki wazi kwa kitambaa safi, na ukumbuke vibomba vidogo vilikotoka kwa kuvipiga picha. Katika gari la zamani, waya za plagi zifungwe karatasi zenye namba 1 hadi 4 kabla ya kuchomolewa, ukihesabu kutoka upande wa rejeta. Mpangilio wa kuwaka wa injini hizi ni 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana nafasi, gari litapiga mabomu kwenye kabureta au eksosi, au halitawaka kabisa. Waya ishikwe kwenye kofia yake ya mpira, izungushwe kidogo kulia na kushoto mpaka ilegee, kisha ivutwe. Anayevuta waya yenyewe huikata ndani bila kujua, na gari litamisi siku ya mvua.

Kwa injini za TR, bonyeza kishikizo cha soketi ya umeme ya kila koili kwa upole, kwa kuwa plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka mingi huvunjika kama biskuti. Legeza boliti ya milimita 10, uizungushe koili kidogo, uivute juu kwa mkono wima. Ziweke koili kwa mpangilio wa silinda zake, na uchunguze sehemu ya chini ya kila moja. Ukikuta oili kwenye mpira wake, au kidimbwi cha oili ndani ya shimo la plagi, tatizo ni sili za matundu ya plagi katika tapeti kava (kifuniko kilicho juu ya hedi). Oili hiyo inyonywe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda, na sili zenyewe zipangiwe kubadilishwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ni kupuliza kila shimo la plagi kwa upepo, ukiwa umevaa miwani. Pikapu iliyofanya kazi kwenye barabara za vumbi huwa na mchanga uliojikusanya kuzunguka plagi, na mara plagi inapotoka mchanga huo huangukia moja kwa moja juu ya pistoni, ambako utasugua ukuta wa silinda kila injini inapozunguka.

Sasa weka soketi mpaka ikae barabara chini, ukiishikilia racheti ili isiinamie upande, na ulegeze kinyume cha saa. Plagi inatakiwa iachie kwa mlio mmoja mfupi, kisha izunguke kwa wepesi. Ikiachia halafu ikaanza kuwa ngumu tena baada ya nusu mzunguko, simama. Ugumu huo ni masizi au kutu vilivyoingia kwenye hesi, na ukiendelea kuvuta utazing'oa. Irudishe ndani robo mzunguko, tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika kama 15, kisha endelea kwa kwenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Plagi ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi inaweza kukuchukua nusu saa peke yake. Iliyogoma kabisa hujaribiwa injini ikiwa na uvuguvugu, wala si moto, na ikigoma tena ni heri gari lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kurudishia hesi kuliko kuongeza bomba refu kwenye mkono wa racheti.

Fungua moja, izibe nafasi yake kwa kitambaa, ndipo uende nyingine. Plagi zote zipangwe juu ya kipande cha kadibodi chenye namba za silinda. Namba hizo ndizo zitakazozipa maana alama utakazoziona.

Kusoma plagi za zamani

Zipeleke mahali penye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya tochi hudanganya rangi. Kauri ya ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu, na elektrodi zisizo na vumbi nene, ni dalili ya injini inayofanya kazi vizuri. Kama rangi ni hiyo lakini kingo za elektrodi ya kati zimeviringika na mwanya umepanuka, plagi imemaliza umri wake tu. Mwanya mpana hudai volti nyingi zaidi ili cheche iruke, na mzigo huo huangukia koili. Ndiyo maana gari lililoachwa na plagi chakavu kwa muda mrefu mara nyingi huja kuua koili pia.

Masizi makavu, meusi, yanayofutika kwa kidole, yanaeleza kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na kichujio cha hewa, kisha choki ya kabureta iliyokwama, kisha vihisio. Masizi yakiwa kwenye plagi moja tu, shuku nozeli inayovuja, au koili au waya ya silinda hiyo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huacha masizi ya namna hii pamoja na mlio wa kugonga wakati wa kupanda mlima. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za utambulisho) katika mafuta mwaka 2010 ili kuudhibiti uchakachuaji huo, lakini petroli iliyonunuliwa kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuidhamini. Utando wa rangi ya tofali, ambao huwatisha wengi, kwa kawaida hutokana na viongeza nguvu vya petroli vyenye manganizi au chuma, wala si kutu.

Weusi ulio na majimaji ya oili ni habari mbaya zaidi. Oili hufika hapo kwa kupita ringi za pistoni zilizochoka, au sili za valvu. Gari linalotoa moshi wa buluu mara linapowashwa asubuhi, kisha likanyamaza, huelekeza kidole kwenye sili za valvu. Linalotoa moshi huo kila linapokanyagwa huelekeza kwenye ringi. Usidanganyike na plagi ya moto zaidi inayopendekezwa ili kuchoma oili hiyo, kwani huficha ugonjwa kwa muda tu.

Kauri nyeupe kama chokaa, yenye vipele au elektrodi zilizoanza kuyeyuka, inaonyesha joto la kupindukia: hewa ya ziada inayoingia kwa mpira uliopasuka, taimingi (wakati wa cheche kutoka) iliyotangulizwa mno, rejeta isiyopoza, au plagi ya kiwango kisicho sahihi. Gari la namna hiyo lisipewe mzigo mpaka chanzo kijulikane, maana kinachofuata ni pistoni kutoboka.

Alama inayomnufaisha zaidi mnunuzi wa gari lililotumika ni plagi moja iliyo safi kupita kawaida, kana kwamba imeoshwa, huku nyingine tatu zikiwa na rangi ya kawaida. Silinda hiyo inawezekana inapokea maji ya rejeta, na mvuke wake ndio unaosafisha plagi. Plagi mbili jirani zikiwa hivyo, gasketi ya hedi kati ya silinda hizo itiliwe shaka kubwa. Angalia kama maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanapovuja, na kama kuna mapovu kwenye rejeta injini inapowashwa ikiwa ya baridi. Ukiliona hili ungali katika siku za majaribio ulizokubaliana na muuzaji, plagi hiyo moja itakuwa imekulipa gharama zote.

Geuza macho upande wa juu wa kauri. Mstari mweusi mwembamba unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea nje, na katika hali hiyo kofia ya mpira ya waya au ya koili ibadilishwe pamoja na plagi, kwa kuwa nayo ina mstari kama huo ndani. Pete ya kahawia iliyozunguka kauri mahali inapokutana na kichwa cha chuma ni jambo tofauti. Mafundi wengi huiita uvujaji wa kompresheni, lakini kwa kawaida ni chembe za oili na vumbi zilizovutwa hapo na umeme wa volti nyingi, na haina madhara.

Nafasi ya kupima kompresheni

Kwa kuwa plagi zote nne ziko nje, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kama unaweza kuazima geji. Rudisha betri, hakikisha soketi za koili zote au soketi ya umeme wa distribyuta imechomolewa, toa fyuzi au rilei ya mfumo wa mafuta, na funga geji silinda moja baada ya nyingine huku mwenzako akikanyaga ekseleta hadi chini na kupiga stata kwa sekunde chache. Injini ikiwa ya baridi, namba zitakuwa chini kidogo ya zile za kitabu, lakini kinachotafutwa hapa ni ulinganifu. Toyota kwa kawaida hukubali tofauti isiyozidi kilopaskali 100 kati ya silinda na silinda, ambayo ni kama 15 kwenye geji ya psi. Silinda iliyo chini sana itiwe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na ipimwe tena: ikipanda, ringi ndizo zilizochoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Ukimaliza, chomoa tena kichwa cha hasi cha betri.

Kufunga plagi mpya

Pima mwanya wa kila plagi, hata kama boksi linadai kwamba imeshapimwa, kwa kuwa plagi iliyodondoka wakati wa usafirishaji hujifunga. Injini ya 22R ya kabureta hutaka milimita 0.8, ilhali za TR hutaka 1.0 hadi 1.1. Kurekebisha ni kuikunja elektrodi ya pembeni peke yake, kidogokidogo, bila kuegemea ile ya kati. Plagi ya iridiamu, ambayo ncha yake ni nyembamba na huvunjika upesi, heri uirudishe dukani ikiwa mwanya haulingani, kuliko kuibana kwa koleo. Plagi iliyokuponyoka ikaangukia sakafu ya saruji usiifunge, hata kama inaonekana nzima, kwa sababu ufa wa kauri hauonekani kwa nje.

Futa mahali washa inapokalia kwenye hedi. Hesi za plagi ziachwe kavu. Kuzipaka grisi au dawa ya kuzuia kutu ni desturi ya zamani, lakini plagi za sasa tayari zina utando wa madini kwa kazi hiyo, na hesi zilizolainishwa huteleza kiasi kwamba ukazaji ule ule hubana kupita kipimo.

Hapa ndipo kile kipande cha mpira wa petroli kinapohitajika. Chomeka kichwa cha juu cha plagi kwenye mpira huo, ishushe shimoni taratibu, na kwanza izungushe kinyume cha saa mpaka uhisi hesi imeanguka mahali pake, ndipo uzungushe kulia kwa vidole viwili. Plagi ikiingia kombo, mpira utateleza wenyewe na kukuonya, jambo ambalo racheti haiwezi kulifanya. Inatakiwa iingie kwa vidole mpaka washa iguse hedi. Ikigoma baada ya mizunguko miwili au mitatu, itoe na uanze upya. Hakuna hali yoyote ambayo plagi mpya huanza kuingizwa kwa racheti.

Baada ya washa kugusa, plagi mpya ya hesi ya milimita 14 hukazwa kwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko, kwa kuwa washa yake haijabanwa bado. Plagi iliyowahi kufungwa, ikiwa unairudisha, hutaka sehemu moja tu ya kumi na mbili ya mzunguko. Kwa mwenye spana ya kupimia, NGK hutaja nyutoni-mita 25 hadi 30 kwa hedi ya alumini, lakini vitabu vya Toyota kwa injini za aina hii hushuka hadi karibu 20, na neno la kitabu cha gari ndilo la kufuatwa. Plagi iliyolegea si salama kuliko iliyokazwa mno. Hushindwa kupeleka joto lake kwenye hedi, ikapata moto kupita kiasi, na mitetemo ikazila hesi.

Paka grisi ya silikoni kiasi kidogo ndani ya mdomo wa kofia ya waya au koili, ili mpira usigande kwenye kauri. Sukuma koili mpaka ikae, funga boliti yake kwa mkono mwepesi, na urudishe soketi ya umeme mpaka usikie mlio wa kishikizo. Waya za zamani zirudi kila moja kwa namba yake, zikipita kwenye vishikilio vyake bila kugusa eksosi. Rudisha mpira wa hewa na vibomba vyake ukifuata picha ulizopiga, kaza klipu zake, kisha urudishe betri.

Kuwasha na kufuatilia

Washa injini bila kukanyaga mafuta na uiache dakika chache. Kama betri ilichomolewa, gari la kompyuta linaweza kuyumba mwanzoni wakati linajifunza upya kiasi cha hewa, na hilo hutulia lenyewe. Likimisi kwa mfululizo, zima, na ukague soketi ya koili ambayo haikuingia au waya zilizobadilishana. Mlio wa kufyonza hewa ni mpira uliosahauliwa. Mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko wa injini, ukitokea kwenye shimo mojawapo, ni plagi isiyokazwa au umeme unaoruka nje. Usichomoe waya au koili injini ikiwa inaunguruma ili kujua silinda inayomisi, kwani utapigwa na umeme, na koili nayo inaweza kuungua. Njia salama ni kuzima, kuhamisha koili inayoshukiwa kwenda silinda nyingine, na kutazama kama msimbo unahama nayo: ukihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ni mbovu, ukibaki palepale, tafuta nozeli au valvu.

Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha utepe ndani ya boneti. Ikiwa plagi za zamani zilionyesha masizi au oili, fungua plagi moja baada ya kilomita 500 hivi, injini ikiwa baridi, na uilinganishe na ile uliyoitoa katika silinda hiyo hiyo, kwa kuwa rangi mpya ndiyo itakayokuambia kama marekebisho ya kichujio au kabureta yamefanya kazi. Zile za zamani zilizochakaa tu, bila ufa wala mstari mweusi, zisuguliwe, zipimwe mwanya, na zifungwe kwenye kitambaa ndani ya boksi la spana pamoja na soketi yake, zitakutoa porini.